Watoto wa Mikindani wakifika Berlin watachezea wapi? Jibu kwa Mama Fahmi

Mama Fahmi wa Mikindani kaniuliza, nafupisha: mume wake kapata nafasi ya masomo Berlin kule Ujerumani, wanaondoka familia nzima mwisho wa mwezi wa 9, watoto wawili, Fahmi ana miaka 7 na mdogo wake wa kike ana 3. Wamezoea kutoka asubuhi wanashinda ufukweni mpaka waitwe kula. Sasa ndugu wamemtisha kwamba kule watoto wanafungiwa gorofani miezi sita sababu ya baridi, anataka kujua atawatoaje nje, atawapeleka wapi na je hawataumwa?

Waalaikumsalaam mdogo wangu. Mimi ni muuguzi wa watoto, saa hizi niko hapa Lindi mjini ila Berlin nimeishi miaka 6 na wanangu wawili wamekulia pale, kwa hiyo hili swali nalijua kwa pande zote mbili, upande wa kazi na upande wa mama anayesimama dirishani anaangalia theluji huku mtoto anamlilia mguuni. Nikujibu moja kwa moja, watoto wako watatoka kila siku, hata mwezi wa 1. Wa kujifunza hapo ni wewe, maana watoto wakivalishwa vizuri baridi hawana habari nayo.

Nakuambia hivyo kwa sababu mimi nilikosea. Mwaka wa kwanza mvua za mwezi wa 11 zilipoanza niliwafungia wangu ndani wiki mbili nzima, hita inawaka, madirisha yamefungwa, nikijua nawalinda. Walichopata ni pua kukauka, usingizi kuharibika, kugombana kutwa na mafua yaleyale niliyokuwa nayakimbia. Mama mmoja mtu mzima wa ghorofa ya chini akanigongea, nikajua kaja kulalamikia makelele, kumbe kaniletea suruali mbili za mpira zilizokuwa za wajukuu zake, akanionyesha kwa mikono maana Kijerumani changu kilikuwa bado, vaa, shuka, nje. Siku ile wanangu wamerudi wana tope mpaka kwenye kope na wakalala saa moja jioni. Mafua yanaletwa na virusi, na virusi vinapenda chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Mwaka wa kwanza wa chekechea mtoto ataumwaumwa, hilo lijue mapema usije ukalilaumu tope.

Sasa tuje kwenye mavazi, hapa nitakaa sana kwa sababu ndo penye kila kitu. Baridi kavu mtoto anaistahimili, kinachomuumiza ni kulowana. Kwetu akilowana anakauka anacheza, kule akilowana joto lote la mwili linakimbia. Kwa hiyo unamvalisha tabaka tatu: ya ndani kabisa inabana mwili, na kwenye baridi kali isiwe ya pamba maana pamba ikinywa jasho haikauki, sufu nyembamba ni nzuri sana. Katikati sweta zito. Juu koti na suruali visivyopitisha maji wala upepo. Hiyo suruali wenyewe wanaiita Matschhose, yaani suruali ya tope, ina mikanda ya mabegani, unaichovya tu bafuni inakuwa safi, na kila mtoto wa chekechea anayo, hata mwalimu atakuambia uilete ikae shuleni. Chini gambuti kipindi cha mvua, na theluji ikianguka viatu vyenye manyoya ndani, acha nafasi ya kidole kimoja mbele kwa sababu kiatu kikibana miguu inaganda. Kofia ifunike masikio, na glovu ziwe pea mbili sababu moja lazima italowa. Skafu ndefu usimfunge mtoto anayepanda mabembea, inaweza kunasa ikamkaba, tafuta ile ya mviringo inayovaliwa kichwani.

Usipime baridi ya mtoto kwa kushika mikono, mikono inakuwa ya baridi hata akiwa sawa. Ingiza vidole nyuma ya shingo. Pakiwa na joto na pakavu, mwache acheze. Pakiwa na jasho umemvalisha kupita kiasi, punguza moja. Pakiwa baridi, rudini ndani. Yule wa miaka 3 akikaa kwenye kigari bila kutembea anapoa haraka kuliko kaka yake anayekimbia, kwa hiyo yeye mwongezee blanketi. Na kwenye gari, koti zito livuliwe kabla ya kufunga mkanda wa kiti cha mtoto kisha umfunike nalo kwa juu, maana koti likivimba mkanda haumshiki.

Usinunue vyote vipya. Wajerumani na mtumba wa watoto ni watu wa karibu kuliko unavyodhani, kuna masoko ya Jumapili wanayaita Flohmarkt, mtoto anakua kabla nguo haijachakaa kwa hiyo utapata koti zuri kwa hela ndogo tu. Na utakuta maboksi barabarani yameandikwa "zu verschenken", maana yake chukua ni bure, usione aibu kabisa, wote wanachukua.

Ngozi: hewa ya hita inakausha vibaya mno, kabla ya kutoka paka uso mafuta mazito ya mgando, losheni ya majimaji iache kwa ajili ya ndani. Halafu kuna vitamini D. Mwili unaitengeneza kwa jua, ngozi yetu nyeusi inahitaji jua zaidi, na Berlin kuanzia kama mwezi wa 10 mpaka wa 3 jua lipo ila halina nguvu hiyo. Ukifika tu, daktari wa watoto muulize habari ya matone ya vitamini D, kipimo akupe yeye, usijinunulie dukani ukajikadiria.

Haya, wapi sasa. Watu wengi wakifika wanaanza kutafuta sehemu kubwa za kupiga picha, mimi nakuambia anza na uwanja wa kuchezea wa karibu na nyumba yenu. Wanauita Spielplatz na Berlin imejaa, kuna mingi mno, kutoka mlango wako hutatembea mbali. Ni bure, una mchanga, bembea, magogo ya kupanda, mingine ina pampu ya maji mtoto anapampu mwenyewe anachimba mfereji. Mbwa haruhusiwi kuingia. Nenda kila siku saa ileile kwenye uwanja uleule, siku ya nne watoto watawazoea wenu na siku ya kumi mama mwenzio atakusalimia, Wajerumani si wepesi kuanza maongezi ila wakikuzoea wamekuzoea kweli. Utaona watoto wadogo wanapanda juu sana na wazazi wamekaa wanakunywa kahawa, usishtuke, ile mbao imepimwa na chini kuna mchanga mzito, na kazi ya mtoto ni kujua mwenyewe aishie wapi. Kinachoshindikana kule ni kile tulichozoea, kumwambia Fahmi "nenda na mdogo wako" halafu wewe ubaki unapika. Mtoto wa miaka 7 halindi mtoto wa miaka 3 pale, uwe nao.

Na saa ni muhimu kuliko unavyofikiri. Mkifika mwisho wa mwezi wa 9 jua linazama kama saa moja kasoro jioni, mtaona kawaida tu, kumbe mwezi wa 12 linazama kabla ya saa kumi jioni na asubuhi linachomoza saa mbili imeshapita. Sasa ukimchukua mtoto shule ukapitia nyumbani kwanza, umeshapanda ngazi, umewavua, kweli utashuka tena? Hushuki. Kwa hiyo unatoka shule moja kwa moja uwanjani, mkobani una chupa ya chai ya moto na vitafunwa, nusu saa inatosha, giza likiingia mnarudi. Jumamosi na Jumapili toka mchana katikati, saa tano mpaka saa nane. Wavalishe vizibao vinavyong'aa wakipigwa taa za gari. Kiangazi ni kinyume chake, mwezi wa 6 jua linazama saa tatu na nusu usiku, mtoto hataki kulala kwa sababu anaona bado mchana, nunua pazia zito.

Bahati yenu mnafika wakati mzuri, majani yanageuka rangi na miti inadondosha Kastanien, mbegu za kahawia zinang'aa kama komwe za bao ila kubwa. Haziliwi, waambie kabisa, ni za kuchezea, watoto wa kule wanazitoboa wanaunganisha na vijiti wanatengeneza wanyama. Wangu walichimba mashimo kwenye mchanga wa uwanjani tukacheza bao nazo, watoto wakajaa kuangalia, hakuna aliyejua lugha ya mwenzie na bao likachezwa. Ndo maana nakusihi usiwaambie wanao waache michezo ya kwao eti waige ya kizungu. Rede, mdako, kombolela, vyote vinachezeka pale, na mtoto anayekuja na mchezo wake hasubiri kukaribishwa. Kombolela hata haihitaji maelezo. Halafu kwenye tarehe 11 mwezi wa 11 kuna matembezi ya taa za karatasi, watoto wanatembea jioni na vitaa mkononi wanaimba, ni sikukuu ya mtakatifu wao Martin, familia nyingi za Kiislamu nilizozijua zilikuwa zinawaacha watoto watembee na wenzao wa chekechea na wengine hawakutaka, hapo mtaamua wenyewe na baba yao.

Mkishazoea mtaani kwenu ndo mtoke mbali. Kwanza Tempelhofer Feld. Ule ulikuwa uwanja wa ndege kabisa katikati ya jiji, ukafungwa 2008, mwaka 2010 wakaufungulia wananchi, na 2014 watu wa Berlin wakapiga kura pasijengwe. Ni zaidi ya hekta 300, njia za kurukia ndege zipo vilevile, watoto wanaendesha baiskeli pale ilipokuwa inakimbia ndege. Upepo haukatiki, kama kusi ya kwetu, kwa hiyo nendeni na tiara, Fahmi atengeneze mwenyewe kwa vijiti na karatasi. Wanafungua jua likichomoza na kufunga likizama, na siku ya baridi upepo wake unakata masikio, kofia tafadhali. Tiergarten nayo iko katikati, hekta 210 za miti na vijito, kutembea tu kunatosha. Kuna na mashamba madogo ya watoto, Kinderbauernhof, mbuzi na kuku na punda. Utashangaa watu wanapeleka watoto kuangalia mbuzi, ila binti yako akiwa na mwezi mmoja hajasikia jogoo utanielewa.

Ila mahali ambapo wanangu walikuwa wanaomba kila wiki ni kivuko. Wale wako wameshapanda cha Msangamkuu, wetu hapa wanapanda cha Kitunda, sasa Berlin kuna kivuko F10 kinatoka Wannsee kwenda Kladow, dakika 20 ziwani, na tiketi ni ileile ya kawaida ya basi na treni ya ndani ya jiji. Watoto chini ya miaka 6 hawalipi usafiri, na wanafunzi wa Berlin tangu mwaka 2019 wanapewa kadi ya kupanda bure, kwa hiyo Fahmi akishaandikishwa shule ulizia kadi yake haraka. Unakaa pembeni unaangalia maji, ile kiu ya bahari inapungua kidogo.

Na hapohapo kwenye maji niseme kwa msisitizo, kwa sababu watoto wa pwani ndo wanaotutia hofu sisi watu wa afya. Mtoto wa Mikindani anajiona anajua kuogelea. Bahari ina chumvi, inambeba. Ziwa halina chumvi, mwili unazama upesi zaidi. Bahari kwetu ni ya uvuguvugu, ziwa la Berlin mwezi wa 5 juu linaonekana limepata jua na chini maji ni ya baridi kama barafu, mwili unashtuka pumzi inakata. Na kuna maziwa ukitembea hatua tano chini panakatika ghafla, huoni. Kwa hiyo mwanzo waogee pale penye walinzi, mfano ufukwe wa Wannsee, una mchanga kweli, zaidi ya kilomita moja, watoto wanachimba kama Shangani. Mwandikishe Fahmi masomo ya kuogelea, cheti cha kwanza kinaitwa Seepferdchen, mtoto anaruka majini, anaogelea mita 25 na kuokota kitu chini kwenye maji ya usawa wa mabega. Lakini hicho si ruhusa ya kuogelea peke yake, wenyewe wanasema mtoto anahesabika anajua akishapata cheti cha shaba kinachofuata. Wanafunzi wanafundishwa shuleni darasa la 3, ila wewe usisubiri. Majira ya baridi ziwa likiganda utaona watu wanatembea juu ya barafu, wanao wasikanyage, hata kama watoto wengine wako pale. Jingine nikuambie usije ukashtuka, pembeni ya maziwa kuna sehemu watu wanaoga bila nguo kabisa, mara nyingi kuna kibao kimeandikwa FKK, ukikiona badilisha njia. Nguo ya kuogelea inayofunika mwili mzima inaruhusiwa kwenye mabwawa ya jiji, utaingia na wanao bila wasiwasi.

Msituni, mfano Grunewald, ni pazuri mno, ila rudi nyumbani ukague kupe. Kwetu kupe ni wa ng'ombe, kule wako kwenye majani na wanaambukiza watu. Angalia nyuma ya masikio, kwenye nywele kati ya mistari ya kusuka, kwapani, kwenye mapaja juu, nyuma ya magoti. Ukimkuta mvute taratibu na kibano ukimshika karibu kabisa na ngozi, usimpake mafuta wala kumchoma, kadiri anavyokaa ndivyo hatari inavyoongezeka. Wiki zinazofuata ukiona duara jekundu linapanuka nenda kwa daktari, na kumbuka kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani wazi, linaweza kuonekana kama doa jeusi zaidi au la zambarau, mwambie daktari waziwazi kwamba aliumwa na kupe. Uyoga usiokote hata kama unafanana na ule wa mashambani kwetu, kule kuna mmoja unaua ini na watu waliotoka nchi nyingine wameshapoteza maisha kwa kuufananisha. Kuna majani yanawasha kama upupu, watoto wanajifunza siku ya kwanza. Nguruwe pori wapo, ukiwaona rudi nyuma polepole usiwape chakula. Na kuna sehemu za msitu zilizotengwa ambako mbwa wanaachiwa, wanao waambie wasikimbie, akikimbia mbwa anadhani ni mchezo, asimame tu mikono chini mpaka mwenyewe amwite.

Barabarani: njia ya baiskeli si ya kusimama, imepakana na ya waenda kwa miguu na baiskeli zinakuja kwa kasi, hilo ndo kosa la kila mgeni na mtoto. Taa nyekundu usivuke hata barabara ikiwa tupu, watu wazima wa kule wanakuwa wakali ukivuka mbele ya watoto. Fahmi akipata baiskeli, sheria inamtaka mtoto wa chini ya miaka 8 apite njia ya waenda kwa miguu, na wewe unaruhusiwa kumfuata humohumo na baiskeli yako. Kofia ngumu hailazimishwi ila mvalishe.

Kuhusu makelele, Jumapili ni siku ya utulivu, huwezi kutoboa ukuta wala kupiga muziki wa sauti kubwa, lakini watoto wakicheza wakicheka hilo limelindwa, Berlin walitunga sheria 2010 kwamba sauti ya watoto ni jambo la kuvumiliwa na mwaka uliofuata ikawa ya nchi nzima. Kwa hiyo usiwe unawanyamazisha uwanjani kwa uoga wa ugeni.

Korosho. Najua mtabeba, nani anatoka Mtwara bila korosho. Uwanjani usigawe kwa watoto wa watu bila kumuuliza mzazi, wako wenye mzio mkali wa karanga na korosho, mtoto anaweza kubanwa pumzi hapohapo. Na huyo wako wa miaka 3 asile nzima, msagie, anaweza kupaliwa akiwa anakimbia.

Siku mvua inanyesha mpaka suruali ya tope imeshindwa, wapeleke jumba la makumbusho la viumbe, Museum für Naturkunde, lipo Invalidenstraße. Ukiingia ukumbini utakuta mifupa ya dinosaria imesimama, kimo kinapita mita 13, ndiyo mifupa ya dinosaria iliyosimamishwa mirefu kuliko yote duniani, na imetoka Tendaguru, hapa hapa mkoani Lindi. Ilichimbwa kuanzia 1909 mpaka 1913, msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu wetu, na wapagazi walibeba mifupa kwa vichwa kutoka porini mpaka bandari ya Lindi, safari ya miguu ya siku kadhaa. Watu wengi kwetu wanasema irudi, na mimi ni mmojawao. Ila wanao wakiwa pale wasimamishe chini yake uwaambie huyu katoka kwetu, Fahmi akawasimulie darasani, mwanangu alifanya hivyo na toka siku hiyo wenzie wakawa wanamuuliza habari za Lindi badala ya kumuuliza kwa nini nywele zake ziko vile.

Mizigoni weka mpira wa rede, vijiwe vya mdako na vitenge viwili vya kutandika chini uwanjani, nguo za baridi usihangaike kuzitafuta huku. Mkifika, suruali ya tope nunua wiki ya kwanza, saizi moja mbele, maana inavaliwa juu ya nguo nyingine na mwezi wa 3 bado ataihitaji.